Mkurugenzi Yuko Safarini

Siku kiwanda cha magodoro kilipofunga milango, kila mfanyakazi alitoka na mto mmoja kwapani. Ndiyo ilikuwa shukrani ya kampuni. Barabara nzima ikajaa watu wazima, wake kwa waume, wamebeba mito mchana kweupe kama waliofukuzwa usingizini. Wengine walilia. Wengine walicheka, maana mtu ukiambiwa "tunakupunguza", halafu ukaongezewa mto, hujui ushike lipi.

Ng'ambo ya barabara, kwenye kibanda cha chai, alikaa mwanamume mwenye suti ya kijivu na viatu vilivyong'aa kuliko mambo yake. Jina alipewa na mama yake, na mama peke yake ndiye aliyelitumia. Wengine wote walimwita Njookesho, kwa sababu kila aliyemdai kitu aliambiwa neno hilo, tena kwa tabasamu, akarudi kwake ameridhika kabisa. Wiki ile alikuwa amehama mtaa ghafla. Aliwauzia watu dawa ya mende, na mende waliila, wakanenepa, wakang'aa, wakaanza kuleta ndugu zao.

Njookesho aliitazama mito ikipita. Akaweka kikombe chini taratibu.

Hebu nitege kitendawili kimoja hapa kabla hajavuka barabara. Kitu gani hiki: ukiwa nacho unakilalamikia mpaka jioni, ukikipoteza unakitafuta tangu asubuhi? Ni kazi, si kingine. Njookesho hakuwahi kuwa nayo hata siku moja, lakini thamani yake aliijua kama paka anavyojua jiko la jirani: kwa harufu.

"Poleni, ndugu zangu," akasema, mikono ameikunjua kama mwenyeji anayepokea wageni waliochelewa. "Poleni sana. Mimi ni meneja wa Upeo, kampuni ya huduma za majengo. Tunatafuta watu. Hatutaki watu wa maneno, tunataka watu wa kazi."

Watu wakasimama papo hapo. Neno "tunatafuta watu", siku kama ile, lingesimamisha hata treni.

"Hiyo kampuni iko wapi?" aliuliza mwanamke mmoja mfupi, aproni bado kiunoni. Huyu alikuwa msimamizi wa zamu kiwandani. Ndiye aliyepiga kengele ya kuanza kazi, ya chai na ya kwenda nyumbani, na kwa hiyo wote walimwita Bi Kengele.

"Iko popote penye majengo, mama."

"Mimi si mama yako. Vyeti tulete wapi?"

"Dada, vyeti viacheni nyumbani vipumzike. Mkurugenzi wetu haajiri karatasi, anaajiri mikono. Kwanza mnafanya majaribio. Yeye akirudi safari anapita, anatazama kazi, anaajiri palepale. Mkataba, bima, likizo."

"Likizo," alinong'ona fundi mitambo, jitu la mabega mapana, kwa sauti ya mtu aliyetajiwa marehemu.

"Na huyo Mkurugenzi anarudi lini?"

"Wiki ijayo," alisema Njookesho. "Hii ijayo hii."

Sasa mmeshaona mchezo wenyewe. Anayefanya majaribio halipwi. Lakini anayefanyiwa kazi analipa, na anamlipa meneja. Ni biashara safi, haina mtaji wala ghala, na tena haina aibu.

Bi Kengele hakuwa mjinga. Tatizo lilikuwa nyumbani. Huko alikuwa na Shangazi, dada wa baba yake, aliyemlea tangu akiwa na meno ya utoto. Shangazi aliuza mitumba sokoni mpaka magoti yakagoma, na sasa chungu cha nyumba ile kilitegemea mshahara wa Bi Kengele. Angeanzaje kumwambia "nimepunguzwa"? Aliusukuma mto chini ya kitanda, na kesho yake akavaa aproni yake, akachukua chakula chake kwenye kibakuli chenye mfuniko, akaaga kama siku zote. Alihitaji kazi ya kweli kabla uongo wake haujachoka. Kwa hiyo akaenda kwenye majaribio, na wenzake wakamfuata kama walivyozoea.

Njookesho naye alishapata mteja. Alikuwa mwenye ukumbi wa harusi na mikutano, mtu bahili wa kuzima feni kati ya hotuba na hotuba. Viti vya ukumbi wake vilikuwa vimechanika, sponji imetoka nje kama ulimi wa mbwa.

"Mafundi wengine wamekutajia bei gani?" aliuliza Njookesho.

"Bei ya kunimaliza."

"Sisi tutafanya kwa nusu yake."

"Nusu? Watu wenu mnawalipaje?"

"Watu wetu wanaipenda kazi."

Mwenye Ukumbi alimtazama kwa wivu wa dhati. "Uliwaokota wapi?"

Kazi ikaanza. Hao walikuwa watu walioshika sponji maisha yao yote, wakivipapasa vile viti kama mtu anavyopapasa shavu la mtoto. Walifumua, walikata, walijaza, walishona. Walipomaliza viti walisugua sakafu, na walipomaliza sakafu, Mwenye Ukumbi alivua viatu mlangoni kwa heshima ya ukumbi wake mwenyewe.

Njookesho angefurahi sana, lau si jambo moja ambalo matapeli wenzake hawakuwahi kumwonya. Alikuwa amewakusanya watu wa kiwanda, na mtu wa kiwanda humwachishi ukiwanda kwa kumtoa kiwandani. Asubuhi ya pili tu, Bi Kengele alitundika kipande cha chuma mlangoni akakigonga. Watu wakajipanga kwa zamu. Kabla ya wiki kwisha akaja mbele ya meneja, amenyooka kama mshumaa.

"Kamati ya wafanyakazi imekaa."

"Kamati gani?"

"Yetu. Wamenichagua mimi kuwa mwakilishi. Tunaomba chai ya asubuhi, buti za mpira, glavu, na sabuni isiyotuchubua."

"Hilo ni jambo zito," alisema Njookesho. "Lazima nimuulize Mkurugenzi."

"Muulize. Simu si hiyo mkononi?"

Wote wakamtazama. Ikabidi Njookesho aweke simu sikioni na kuzungumza na hewa.

"Ndiyo, bosi. Shikamoo, bosi. Wanaomba buti... Ndiyo, za mpira..."

"Mwambie mguu wangu ni mkubwa!" fundi mitambo alipaza sauti.

"Bosi, kuna mguu mkubwa... Anasema sawa."

Watu wakapiga makofi. Njookesho akaenda dukani kununua buti kwa fedha alizokwisha kuziita zake, akatoka dukani mgonjwa.

Na haikuishia hapo. Wakitaka brashi, Mkurugenzi anapigiwa simu. Wakitaka mkokoteni, Mkurugenzi anapigiwa. Angekataa, wangeondoka, na wangeondoka na wateja pia, maana sasa mwenye hoteli alikuwa amesikia habari za vile viti, na matroni wa kliniki alitaka vitanda vyake vijazwe upya. Kamati ikasema kampuni isiyo na ofisi ni kampuni gani. Njookesho akapanga chumba, akaweka meza, kiti kimoja chake na kingine kikubwa cha Mkurugenzi, ambacho hakuna aliyethubutu kukikalia. Kila asubuhi mtu mmoja alikifuta vumbi. Ndipo kitendawili kikazuka katikati ya wafanyakazi: hayupo lakini anasalimiwa, hajaja lakini anaogopwa. Walikitega wakati wa chai, wakacheka, lakini jicho moja liko mlangoni.

Basi ikafika hali ya kusikitisha, na niisemeje bila kuwaumiza wenye moyo mwepesi? Njookesho alianza kuamka alfajiri. Yule aliyewahi kulala mpaka jua likamwonea aibu, sasa alikuwa akikimbia na mswaki mdomoni ili asichelewe, kwa kuwa Bi Kengele alimkata jicho kila anayeingia baada ya chuma kulia. Aliwaandalia sabuni. Aliwapigania wateja. Siku moja alijikuta akibishana na muuza glavu juu ya ubora, akashtuka, akajishika paji la uso kuona kama ana homa.

"Lazima nitoke hapa," akajiambia, "kabla sijawa mtu mwaminifu."

Mpango wake wa kutoka ulikuwa mzuri. Wateja wote wangekutana pale ukumbini Jumamosi, kila mmoja asaini mkataba wa mwaka mzima na alipe malipo ya awali. Yeye angeyatia mkobani, angewashukuru kwa niaba ya Mkurugenzi, na angeondoka kwa ustaarabu upande wa jikoni.

Kilichomharibia ni furaha ya Mwenye Ukumbi. Mtu bahili akiona kapata nafuu hawezi kunyamaza. Alimkuta Bi Kengele anashona pazia la ukumbi, akasimama juu yake na tumbo lake.

"Mnafanya kazi nzuri, dada. Na mimi si nalipa vizuri? Kila wiki nalipa, sijachelewa. Na Jumamosi nalipa ya mwaka."

Sindano ikamwingia Bi Kengele kidoleni.

"Unalipa kila wiki?"

"Kwani mnadhani nani anawalisha?"

Bi Kengele alifyonza kidole chake, akamaliza kushona, akakata uzi. Halafu akawakusanya wenzake nyuma ya mkokoteni, akawaeleza.

"Tunamkunja," alisema fundi mitambo. "Namkunja kama godoro, namfunga kamba."

"Ukishamkunja?"

"Nitajisikia vizuri."

"Utajisikia vizuri, na kesho utatafuta kazi. Wateja wanaiamini Upeo. Wakijua kuwa Upeo ni suti na mdomo, watakimbia, na sisi tunarudi barabarani. Buti unazo, kazi unayo, wateja unao. Kitu tusicho nacho ni kampuni."

"Na Mkurugenzi," alisema mwingine.

Bi Kengele alirudi nyumbani jioni ile miguu mizito. Shangazi alikuwa barazani anachambua mchele.

"Shangazi, nina neno."

"La kiwanda?"

Bi Kengele akakaa chini bila kutafuta kiti. "Umejuaje?"

"Miaka yote unarudi na vumbi la sponji kwenye nyusi. Siku hizi nyusi safi, unanukia sabuni. Mwanzo nikasema, huyu kapata bwana. Halafu nikafagia chini ya kitanda nikauona mto."

"Mbona hukusema?"

"Wewe mbona hukusema?"

Shangazi akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa. "Mwanangu, mimi nimekula kwa jasho langu kabla hujazaliwa. Kama ni kula mchele mtupu nitaula. Ila usiniage asubuhi kwa uongo, unanikosesha usingizi wa mchana. Haya, lete hilo jingine, naona bado umelibana."

Bi Kengele akamweleza yote: majaribio, simu ya hewa, kiti kinachofutwa vumbi, Jumamosi. Shangazi alisikiliza, na kadiri alivyosikiliza ndivyo uso wake ulivyozidi kuwa kijana.

"Na huyo Mkurugenzi, nani amewahi kumwona?"

"Hakuna Mkurugenzi, Shangazi!"

"Basi," alisema Shangazi, akajifuta mikono, "nafasi iko wazi."

Jumamosi ukumbi ulikuwa unang'aa. Mwenye Ukumbi, mwenye hoteli na matroni wamekaa mstari wa mbele, juu ya sponji mpya. Wafanyakazi wamesimama ukutani na buti zao. Njookesho, mkoba kwapani, alikuwa amefika pale anapopapenda kuliko pote duniani: katikati ya hotuba.

"...na Mkurugenzi angependa sana kuwa nasi, lakini safari, ndugu wateja, safari..."

"Safari imekwisha," ilisema sauti mlangoni.

Aliingia mwanamke mzee mwenye koti refu la rangi ya damu ya mzee, ambalo kwenye robota zima la mitumba lilikuwa moja tu, na Shangazi alikuwa amekataa kuliuza kwa miaka. Alivaa miwani myeusi. Alitembea polepole, na kila aliyemwona alidhani ni maringo, kumbe ni magoti. Bi Kengele akagonga chuma. Wafanyakazi wote wakasema kwa pamoja:

"Shikamoo, Mkurugenzi!"

"Marahaba, wanangu."

Wateja wakasimama. Mwenye Ukumbi akawasha feni kwa mkono wake mwenyewe.

Njookesho alibaki kinywa wazi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakuna kilichotoka. Fikirini hali yake. Akisema "simjui huyu", ataulizwa, "Basi Mkurugenzi ni yupi?" Akisema hakuna Mkurugenzi, wateja wataushika mkoba, na mlangoni amesimama fundi mitambo akiviliza vidole vyake. Kwa vyovyote vile ilimbidi amsalimie.

"Shi... shikamoo, bosi."

"Marahaba, meneja. Umekonda."

Lakini tapeli ni tapeli. Akajikusanya, akatabasamu, akarusha ndoano. "Bosi, wateja wetu wangependa kusikia. Ulikuwa nchi gani hasa, na kwa shughuli gani?"

"Meneja," alisema Shangazi kwa upole, "wewe ndiye uliyekuwa ukiwaeleza. Waambie."

Njookesho akauhamisha mkoba kwapa la pili.

"Mimi aliniambia umekwenda kutibiwa mgongo," alisema Mwenye Ukumbi.

"Mimi, kununua mashine," alisema matroni.

"Sisi hapa, kumwoza mtoto," lilisikika kutoka ukutani.

"Yote ni kweli," alisema Shangazi. "Ndiyo maana nimechelewa. Haya, tuanze kazi. Nimerudi nikakuta gharama kubwa, na kampuni ikiwa na gharama kubwa inafanya nini?"

Ukuta mzima ulijua jibu lake.

"Inapunguza watu," akajijibu mwenyewe. "Kwa hiyo nauliza kila mtu anafanya nini. Huyu anashona, nimeona. Huyu anabeba, nimeona. Yule mwenye mguu mkubwa anatengeneza mashine. Wewe, meneja, unafanya nini?"

"Nasimamia, bosi."

"Bi Kengele, nani anasimamia?"

"Mimi, Mkurugenzi."

"Nazungumza na wateja!"

"Wateja, anazungumza nanyi?"

Mwenye Ukumbi akafikiri kwa haki. "Yeye anazungumza. Sisi huwa tunasubiri amalize."

"Basi inaniuma sana," alisema Shangazi, na sauti yake ikawa ya huzuni halisi, sauti ile ile ambayo wote pale ukutani waliwahi kusomewa nayo barua ya kupunguzwa. "Umekuwa nasi tangu mwanzo. Bila wewe kampuni hii isingekuwapo, na hilo hakuna anayeweza kulikana. Lakini tunakupunguza. Acha ufunguo, acha simu ya ofisi, na huo mkoba uweke mezani, ndani mna mishahara ya hawa wanangu."

"Bosi, na haki zangu?"

"Haki zako ulijichukulia mapema, kila wiki. Nakupongeza kwa kutochelewa."

Fundi mitambo akasogea hatua moja ndani. Njookesho akauweka mkoba mezani kama mtu anayemlaza mtoto mgonjwa. Akaweka ufunguo. Akaweka simu, na simu ile, kwa kukosa adabu, ikaita palepale: mteja mpya. Bi Kengele akaipokea. "Upeo, habari za mchana?"

Njookesho aliondoka kwa mlango wa mbele, mchana, mikono mitupu, jambo ambalo hakulizoea hata kidogo. Siku zilizofuata alionekana kwenye vibanda vya chai akitafuta kazi, na masikitiko yake hayakuwa ya kuigiza. "Nimeitumikia kampuni ile kwa moyo wote," aliwaambia watu. "Naamka alfajiri. Nawanunulia buti. Anakuja bosi, hata hajui nimefanya nini, ananipunguza mbele za watu!" Watu walimwonea huruma, wakamlipia chai, na alipotaka kuwarudishia fadhila kwa kuwauzia kitu, akakuta hana hata wazo moja.

Mikataba ilisainiwa. Mishahara iligawanywa, na fundi mitambo alilia mbele ya watu bila kujali mabega yake. Jumatatu Bi Kengele alimuaga Shangazi kwa ukweli, ila Shangazi hakuitika. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, na koti halikuwapo ukutani.

Alimkuta ofisini, kwenye kiti kikubwa, miwani usoni, miguu imeegeshwa juu ya kopo la rangi.

"Shangazi! Ule ulikuwa mchezo. Umekwisha, nenda kapumzike."

"Mkataba una saini ya nani?"

"Yako."

"Basi. Na kuanzia leo huingii humu kama unaingia jikoni. Toka nje, ubishe hodi."

Bi Kengele akatoka. Wenzake walikuwa wamesimama kwenye korido, wamebana vicheko kwa viganja. Akabisha.

"Hodi."

"Nani?"

"Ni mimi, Shangazi."

"Shangazi yako yuko nyumbani amelala," ilijibu sauti. "Hapa yuko Mkurugenzi. Una miadi?"